Mawese Niliyojipakaa Mbele ya Kupuliza Dawa

Wewe unayebeba pompe mugongoni kwenda kupulizia mashamba ya watu dawa ya wadudu, tua hiyo mashini chini kidogo nikuambie kitu. Mimi sikusoma. Mimi nasema, mutu mwingine anaandika. Ukikuta uongo humu ndani, ule mukubwa ni wangu, ule mudogo ni wake. Nilikaribia kupoteza vitu viwili: miguu na muke. Miguu, Mungu alinipa miwili, mutu anaweza kujikaza. Lakini muke niko naye mumoja tu, Mama Zaina, na hakuna soko toka hapa mpaka Kasongo wanauzisha mwingine kama yule.

Mbele ya ugonjwa, mimi njo nilikuwa mupulizaji wa Wamaza nzima. Wadudu wa mahindi walinijua kwa jina. Nikikohoa tu pembeni ya shamba, walikuwa wanafunga mizigo na kuamusha watoto.

Na kupuliza kwetu kulikuwa na desturi yake. Asubuhi unavua shati, unajipakaa mawese toka shingo mpaka vidole vya muguu, unang'aa kama samaki aliyetoka mu sufuria. Kisha unakunywa kijiko moja, juu tumbo nayo isisikie wivu. Juu ya nini mawese? Kwetu mutoto akikunywa kitu kibaya, bibi anamunywesha mawese. Mutu akilishwa sumu, mawese. Sisi tukafikiri: kama inashinda sumu mu tumbo, mu ngozi itashindwa na nini? Na hauogi mpaka jioni, juu mafuta imalize kazi yake. Wapulizaji wote tulifanya vile. Mutu akija na shati na viatu vya bote, tulimucheka mpaka anarudi kwao.

Ile siku ilikuwa wakati wa mvua, mahindi inafika mutu ku kifua. Jua lilikuwa lile la kupikia yai juu ya kichwa ya mutu. Pompe yangu ilikuwa inavuja ku kifuniko, dawa inashuka mugongoni pole pole, inapita juu ya mafuta, na mimi naimba. Nilisikia baridi nzuri. Nikasema, leo hata pompe inanionea huruma.

Saa ya kula nikapita kwa shemeji Salumu, kaka ya Mama Zaina, nyumba yake ilikuwa karibu na lile shamba. Yeye alikuwa amekwisha kula, akanitolea ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakula peke yangu. Sombe ya kwao iko tamu mpaka ulimi unataka kuhamia kule. Sahani haijaisha, machozi ikaanza kushuka.

"Shemeji, unalia nini?" Salumu akauliza. "Sombe iko na pilipili?"

"Silii mimi. Ni macho inalia yenyewe."

Mate nayo ikaanza kutoka kama mutoto anayeota meno. Jasho. Tumbo. Ndugu yangu, kila tundu Mungu alinitoboa, maji ilitoka. Nikaona giza inaingia na jua liko katikati ya mbingu. Nyama ya mwili ikaanza kurukaruka chini ya ngozi, kama panya wanafanya harusi mule ndani. Nikataka kusimama; miguu ikasema, wewe nenda, sisi tutakufuata.

Salumu akaita pikipiki. Wakaniweka katikati, dereva mbele, Salumu nyuma, Mama Zaina akafika anakimbia, akatufunga wote watatu na kitenge yake. Njia ya Kabambare unaijua? Kuna mashimo kule, ukiingia asubuhi bila ndevu, unatoka nazo. Mbele nilimutapikia dereva. Nyuma, mbele ya watu wakubwa siwezi kusema nyuma nilimufanyia Salumu nini. Yeye hakuniachilia. Alinikamata kiuno njia yote, anasema neno moja tu: "Pumua, shemeji. Pumua."

Ku hospitali muganga alininusa tu, akapiga kelele: "Huyu alipuliza dawa ya shamba! Mumuoshe na sabuni!" Wakanivuta nje, wakanisugua, wakasuuza, wakarudilia tena na tena kama sufuria ya harusi. Yaya yangu Amisi, kaka yangu na mukubwa wa familia yetu, alikuwa amefika na pikipiki ya pili pamoja na Mama Zaina. Muganga akaona maji inashuka nyekundu, akauliza: "Hii nini?" Yaya akajibu na kifua mbele: "Mafuta ya kumukinga." Muganga hakuuliza zaidi, sindano ilikuwa imemujaa mukononi.

Sindano ile ilinikausha. Mudomo ukakuwa muchanga ya kiangazi, moyo ukakimbia kuliko ile pikipiki, na mu dirisha nikaona mbuzi amevaa kofia, ananiuliza niko mutoto wa nani. Nilimujibu na adabu. Mama Zaina alikuwa pembeni, akalia, juu alifikiri nakufa. Kumbe naongea na mbuzi, basi.

Nilipopata nguvu kidogo, walinitoa niwe nangojea muganga ku kibao pamoja na wengine. Kile kibao kilikuwa na miguu mitatu. Wakiita mutu, akisimama bila kuaga, wote mnaanguka. Kwa hiyo pale watu wanaheshimiana sana. Kando yangu alikaa mama mumoja na mutoto wake wa malaria.

"Papa, wewe unaumwa nini?"

"Dawa ya wadudu, mama."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe wewe njo mududu?"

Nilicheka mpaka kibao kikayumba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka toka nianguke. Toka ile siku, kila asubuhi yule mama alinigawia uji wa mutoto wake, anasema mududu naye anakula. Sijui jina lake. Mungu analijua.

Sasa sikia vita ilitoka wapi. Muganga alisema wazi: ni dawa ya shamba. Lakini yaya Amisi akakataa.

"Muganga, huyu amepuliza miaka yote hakupata hata kikohozi. Na ile siku alijipakaa mawese vizuri, mimi mwenyewe nilimuona anang'aa. Dawa ilipita wapi? Mu ngozi ilifungwa. Basi iliingia na mudomo. Na mudomo ulikula wapi?"

"Papa Amisi, mimi nasema vile naona ku mugonjwa."

"Na mimi nasema vile haukuona ku sahani. Alikula peke yake. Mwenye nyumba hakugusa."

Nilikuwa nimelala hapo, nilisikia yote. Nikasema, "Yaya, Salumu njo alinileta." Akanijibu: "Mwenye kutia sumu njo wa kwanza kulia mu kilio." Na mimi nikuambie ukweli. Mawese nilikuwa nayaamini kuliko muganga. Nilimupenda Salumu, lakini zile hesabu za yaya zilikuwa zinaingia mu kichwa kama usingizi.

Nikarudi Wamaza nimekonda mpaka kivuli yangu ilikuwa nyembamba. Watu wakaua kuku. Nikafikiri imeisha. Kumbe mvua ilipokaribia kukatika, miguu ikaanza mambo. Kwanza siafu mu vidole; ukiangalia, hakuna siafu. Kisha nyayo ikalala, unakanyaga chini unasikia kama unakanyaga godoro ya mutu mwingine. Kisha vidole vikakataa kuinuka. Nilikuwa natembea kama bata aliyevaa viatu vya mwalimu. Zaina, binti yangu, alikuwa ananipigia makofi nikifika ku mulango.

Muganga kule Kabambare alisema ile dawa inaweza kufanya vile, nyuma ya siku nyingi inarudi ku miguu, nikandwe, nitembezwe, nivumilie. Lakini ku baraza ya familia yaya hakutaka kusikia.

"Muliona? Sumu ya pole pole! Salumu aje aseme alimulisha nini, ama atoke hapa."

Mama Zaina alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko ndani, akasimama.

"Yaya Amisi, kaka yangu alimukamata huyu kiuno toka hapa mpaka Kabambare. Suruali yake tuliifukia chini, haikuweza kufuliwa tena. Leo njo mulozi?"

"Wewe muke, haya ni maneno ya wanaume."

"Kumuosha mugonjwa ilikuwa maneno ya nani?"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Papa Zaina? Sema neno moja tu."

Wote wakaniangalia. Nikaangalia vidole vyangu vilivyokufa. Mimi, mutu wa maneno mingi kuliko mvua, siku ile sikupata hata moja. Salumu alibeba godoro yake, akahamia Lusangi kwa wachimbaji wa zahabu, kule mama yao anakaa. Mama Zaina akamufuata na mutoto.

Kiangazi yote nilikaa na yaya Amisi. Ananikanda miguu asubuhi na jioni, mukono wake muzito kama mutu anatwanga. Yeye mubaya hapana. Ananipenda vibaya tu. Alipika, akaunguza, alifua, akapasua. Nyumba bila muke inaongea, ndugu yangu, na inaongea matusi. Nilikamata fimbo, nikajifunza kwenda ku choo, kisha ku njia, kisha ku shamba. Kidole kimoja kikiamuka, tunafanya sikukuu.

Mvua ya kwanza ilipokaribia, habari ikaingia toka Kasongo: sasa kupulizia mashamba ya watu bila breve ni mwiko. Lazima ufundishwe, ujibu maulizo, wakupe kikaratasi chenye sura yako. Bila hiyo, hata duka la dawa halikuuzishi. Yaya akasema: "Hiyo kazi haitatoka mu familia yetu. Wewe miguu hauna, nitaichukua mimi." Nikamufuata na fimbo yangu, juu nilichoka kuongea na kuta.

Mwenye kutufundisha alikuwa mama mumoja agronomu, fundi wa kilimo, mufupi, sauti yake ndefu. Tulikuwa wapulizaji toka kila upande, wengine toka huku kwetu Kabambare. Alitushikisha pompe, akatufundisha kusikia upepo unatoka wapi, kusoma rangi ku chupa hata kama hausomi herufi. Kisha akauliza: "Mbele ya kupuliza, munajikinga na nini?"

Nyumba nzima kwa sauti moja: "Mawese!"

Tukapiga na makofi. Yaya Amisi akasimama, akamueleza vizuri, kijiko cha kunywa, shingo mpaka vidole, kutooga mpaka jioni. Yule mama alituangalia kama mutu anahesabu watoto wake baada ya mafuriko. Kisha akamuita mwenye kupika: "Niletee pilipili, ile kali."

Wakatwanga. Sehemu moja akaitia ndani ya maji, sehemu ingine ndani ya mawese. "Nani mwanaume hapa?"

Ungalimujua yaya yangu, haungeuliza alisimama nani.

Akamupakaa pilipili ya maji mukono wa kushoto, huku ndani kwenye ngozi laini, na ya mawese mukono wa kuume. Akamungojesha tukiendelea na mafundisho. Kisha akamuletea ndoo: "Osha yote mbili. Maji tu, kama unavyofanya mu shamba." Yaya akaosha. Akakaa. Akatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu.

"Ya kushoto?" mama akauliza.

"Inawasha kidogo tu, imeisha."

"Ya kuume?"

Yaya alikuwa amekwisha kuruka kibao. Nakuambia, kuku wa Kasongo mpaka leo wanasimulia. Alizunguka nyumba, alipuliza mukono, alipuliza tena, alirudi akatia mukono mu ndoo, maji ikashindwa. Wakamupa sabuni, akasugua mpaka povu ikamufika ku kiwiko. Sisi tunacheka, mimi fimbo ilinianguka. Yule mama tu njo hakucheka.

"Dawa ya shamba inapenda mafuta kama hiyo pilipili," akasema. "Ngozi kavu ni mulango, inafungwa kidogo. Ukijipakaa mawese umeufungua, umeitandikia mukeka, umeiambia karibu. Na maji peke yake haiitoi. Shati ya mikono mirefu, suruali, bote, ganti za mikono, kitu ya kufunika mudomo na macho. Na sabuni hapo hapo, haungojei jioni. Mawese ni ya sombe."

Kicheko kikaisha. Wanaume wote mule wakaanza kuangalia mikono yao. Mumoja akasema pole pole: "Mudogo wangu alikufa na mate mudomoni, tukafukuza shangazi."

Yaya Amisi alikuwa amesimama ku mulango, mukono ndani ya povu. Aliniangalia miguu. Akaangalia chini.

"Basi... Salumu?"

"Salumu alinipa sombe, yaya. Sumu nilijipa mimi, na njia nikaipasulia na mafuta."

Akakaa chini pale pale kwenye mulango, mutu muzima, watu wanamuruka wakitaka kupita.

Maulizo waliniuliza kwa mudomo, na kwa mudomo mimi sijashindwa bado. Upepo, rangi, sabuni, chupa ya dawa unaibeba ukipeleka mugonjwa ku hospitali, hata ikiwa tupu, muganga ajue ni dawa gani. Nilijibu hata maulizo ya jirani yangu. Yaya walimuuliza kesho yake, juu siku ile mukono moja ulikuwa bado ndani ya ndoo. Breve nikapata. Lakini yule mama akaniambia: "Pompe haubebi mpaka muganga aangalie damu na miguu yako, akubali." Kwa hiyo mu mufuko wangu niko na ruhusa, na mu sikio niko na katazo. Nafundisha wenzangu tu. Nawavalisha shati kama bi harusi. Siku hizi miguu inatembea, Mungu apewe sifa. Kidole kikubwa cha kushoto tu bado kinachelewa kuamuka, kama mutoto wa tajiri.

Toka Kasongo hatukurudi nyumbani. Yaya akasema: "Tupite Lusangi." Njiani mimi njo niliongea ya watu wawili.

Tulikuta Salumu amekaa mbele ya nyumba ya mama yake, anasafisha karai ya kuchujia zahabu. "Karibuni," akasema, sauti baridi kama maji ya asubuhi. Akatupa viti. Mama Zaina akatoka ku jikoni, akaniona, akaangalia fimbo, akaangalia miguu, akarudi ndani bila salamu. Zaina alitaka kukimbia kwangu, wakamuvuta na nguo.

Kwetu mugeni, hata akiwa adui, anapewa maji mbele ya maneno. Tukakaa. Maji haikuja. Tukasikia harufu ya ugali, tukasikia mwiko unagonga sufuria. Hakuna kitu ilikuja. Jua likahama toka muguu huu mpaka muguu ule. Yaya akakohoa.

"Shemeji, tunaweza kupata maji?"

"Iko mutoni, yaya Amisi," Salumu akajibu. "Ya mutoni mimi sikuigusa."

Yaya akameza ile neno. Kisha akasema yote: mawese, pilipili, ndoo. Akanyoosha mukono, ulikuwa bado mwekundu. Akasema: "Nilikukosea. Nilikuita jina isiyokuwa yako mbele ya watu." Na mimi nikasema ile neno moja Mama Zaina alikuwa ameniomba, nimechelewa kiangazi kizima: "Salumu ni ndugu yangu."

Salumu akaendelea kusugua karai. "Nimesikia. Lakini maneno njo ilinifukuza kule. Maneno tena njo munaniletea?"

Basi yaya Amisi akasimama. Nikafikiri anaondoka. Kumbe anaelekea jikoni. Jikoni! Kwa mukwe! Kwetu mwanaume hata hapiti karibu na mulango ule mama mukwe akiwa ndani. Afadhali uingie ku nyumba ya simba. Nikasikia kelele ya mama mukwe, kisha sufuria inaanguka. Tukakimbia wote, mimi pia nilikimbia, na bata wanajua maana yake.

Yaya yangu, mukubwa wa familia, alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, sufuria ya ugali kati ya magoti yake, anakwangua ukoko ya chini na mikono, anatia mu mudomo, anameza bila kutafuna, machozi inashuka. Hakunawa hata. Mama mukwe anamupiga mwiko mugongoni, "Toka! Wazimu gani hii?", na yeye anakula tu.

"Niko nakula kwa Salumu," akasema na mudomo imejaa. "Muite watu waone. Niko nakula kwa Salumu."

Mama mukwe akashusha mwiko. Salumu alisimama ku mulango, karai bado mukononi. Akaiweka chini. Kisha akasema: "Huo ukoko ni wa kuku, yaya. Mama, mutolee sahani ya watu."

Mama Zaina alikuwa amejificha uso na kitenge, mabega inatikisika. Nilifikiri analia. Akafunua: alikuwa anacheka mpaka amekosa pumzi. Akaweka ugali chini, akaweka sombe, akaleta bakuli ya kunawia. Salumu akakaa karibu na yaya, akatia mukono mu sahani ile ile, na wakakula wote wawili bila kuangaliana.

Mimi nilikuwa bado ku mulango, nimeshikilia ukuta. Mama Zaina akanigeukia.

"Na wewe, unangoja breve ya kula?"